Glavu za Kazi na Namna ya Kuzichagua

Leo twaleta somo juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hudhani hakihitaji somo, nacho ni glavu, yaani lile vazi la kuvika viganja na vidole wakati wa kazi. Mtu aweza kusema, "Glavu ni glavu; aliye nazo amejikinga, na asiye nazo hakujikinga." Neno hilo si kweli. Twaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana wako watu waliodhurika kwa kuliamini.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Katika wilaya moja ya pamba tulikutana na mkulima mwenye bidii, mwangalifu kuliko jirani zake. Wenzake walikuwa wakichanganya dawa ya kuulia wadudu kwa mikono mitupu. Yeye alikuwa amenunua glavu nyeupe zilizofumwa kwa uzi, akazivaa kila alipobeba bomba mgongoni. Siku ya kwanza alipulizia dawa, na jioni akazianika glavu mlangoni. Siku ya pili akazivaa tena, na siku ya tatu vivyo hivyo. Jioni ya siku ile ya tatu kichwa kilimwuma, mate yalimjaa kinywani, jasho likamtoka ingawa jua limekwisha kushuka, na mikono ikawa inamtetemeka. Yeye alidhani amepigwa na jua. Tabibu wa zahanati alipomwuliza habari za kazi yake, alimwamuru avue nguo zote na kuoga kwa sabuni na maji mengi, kisha akamtibu. Na alipoonyeshwa zile glavu alisema, "Hizi ndizo zilizokulisha sumu."

Bwana yule alishangaa sana. Alikuwa ametoa fedha yake ili ajikinge! Lakini maneno ya tabibu yalikuwa ya haki. Dawa ilipodondoka juu ya glavu za uzi, uzi uliinywa kama utambi unywavyo mafuta ya taa, ukaishikilia juu ya ngozi yake tangu asubuhi hata jioni. Mkono mtupu, dawa ikiumwagikia, mtu aona na kuosha mara moja. Mkono uliovikwa kitambaa chenye sumu hauonekani, wala hauoshwi; tena ngozi yenye joto na jasho hupitisha sumu kwa urahisi zaidi. Basi mtu yule alikuwa na kinga ya miiba na malengelenge, naye aliitumia kama kinga ya sumu.

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo lafaa kwa mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Ama kwa habari ya glavu, mkulima asiyechagua hujidhuru mwenyewe.

MPIRA ULIOOKOA NA MPIRA USIOOKOA

Ili tufahamu vema, tuwaeleze habari mbili za kweli kutoka nchi ya Marekani.

Habari ya kwanza ni ya mji wa Baltimore. Katika hospitali ya Johns Hopkins alikuwako daktari mpasuaji mashuhuri, William Stewart Halsted. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, mwuguzi wa chumba chake cha upasuaji, Bibi Caroline Hampton, alipatwa na taabu ya mikono. Siku zile walitumia maji yaliyotiwa chumvi ya zebaki ili kuua vijidudu, na maji hayo yaliichubua ngozi yake vibaya, hata ikaonekana labda ataiacha kazi. Halsted aliitaka kampuni ya Goodyear Rubber imtengenezee Bibi huyo glavu nyembamba za mpira. Zilipoletwa, zilifaa kabisa. Mikono ikapona, na kazi ikaendelea. Mwaka 1890 daktari na mwuguzi wakaoana. Baadaye ikatambulikana kwamba glavu zile zawalinda wagonjwa pia, na desturi ya kuvaa glavu za mpira wakati wa upasuaji ikaenea duniani kote.

Habari ya pili ni ya chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire. Bibi Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia hapo, mtu mjuzi sana wa madhara ya madini yenye sumu. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa kazini katika maabara, amevaa glavu za mpira, naye ametimiza mambo yote ya tahadhari yaliyojulikana wakati ule. Tone moja au matone machache ya namna fulani ya zebaki, iitwayo dimethili ya zebaki, yaliangukia glavu yake. Hakuona maumivu. Miezi ikapita, kisha akaanza kupepesuka akienda, na maneno yake yakawa mazito. Mwezi wa Januari 1997 madaktari walitambua kwamba zebaki imeuingia mwili wake, lakini wakati wa kumwokoa ulikuwa umekwisha kupita. Alifariki tarehe 8 Juni 1997, naye alikuwa na umri wa miaka 48. Glavu za namna ile zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba sumu hiyo hupenya mpira ule mwembamba kwa muda wa sekunde 15 au chini yake, wala haiachi tundu wala alama.

Tazameni basi. Mpira uliizuia zebaki ya Baltimore, kwa kuwa ilikuwa chumvi iliyoyeyushwa katika maji. Mpira haukuizuia zebaki ya Dartmouth, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya namna nyingine. Ikiwa profesa wa kemia aliweza kuponzwa na glavu isiyofaa, itakuwaje kwetu sisi tunaonunua glavu gulioni kwa kutazama rangi na bei tu?

Basi hili ndilo neno la somo letu: kabla ya kuuliza, "Glavu hii ni shilingi ngapi?" uliza kwanza, "Najikinga na nini?"

KILA KAZI NA GLAVU YAKE

Miiba, mawe, mbao na mabati. Hapa adui ni kuchomwa, kuchubuka na kukatwa, na glavu ya ngozi ya ng'ombe ndiyo ifaayo. Wakata mkonge wajua habari hii, maana jani la mkonge lina mwiba mkali nchani, na utomvu wake huwasha ngozi. Tazama mishono kabla ya kununua: uzi uwe mnene, na kiganja kiwe kimetiwa kipande cha pili cha ngozi mahali panaposuguliwa sana. Lakini ngozi hunywa maji, mafuta na sumu. Glavu ya ngozi iliyomwagikiwa dawa ya shamba haioshwi ikatakata. Haifai kuvaliwa tena.

Dawa za shamba. Hapa adui ni maji yenye sumu, na glavu za uzi au za ngozi hazifai kabisa. Itakiwayo ni glavu isiyopitisha maji, isiyo na kitambaa ndani, nene kiasi, na ndefu ipitayo kifundo cha mkono. Urefu wake usipungue sentimeta 30. Dawa nyingi huchanganywa na mafuta, na mafuta huharibu mpira wa asili. Kwa hiyo aghalabu wataalamu husifu mpira wa kutengenezwa uitwao nitraili. Neno la kulitafuta juu ya pakiti ni NITRILE. Walakini zisomeni kwanza karatasi zilizobandikwa juu ya chupa ya dawa, maana mtengenezaji ndiye ajuaye dawa yake, na mara nyingine huagiza glavu ya namna nyingine. Kumbukeni pia kwamba saa ya hatari kubwa ni ile ya kupima na kuchanganya, wakati dawa ingali nzito haijatiwa maji. Wako watu wavaao glavu shambani wakati wa kupulizia, lakini hapo penye ndoo huchanganya kwa mikono mitupu! Huko ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Majani ya tumbaku. Wakulima wa Tabora na Urambo wajua ugonjwa huu, ingawa wengine hawajui asili yake: mtu huchuma majani mabichi alfajiri, yangali na umande, na kabla ya jioni kichwa humzunguka na kutapika. Umande huyeyusha nikotini iliyomo katika jani, nayo hupita katika ngozi. Hapa glavu ya uzi ikilowa ni mbaya. Ivaliwe glavu isiyopitisha maji. Na lililo bora zaidi ni kungoja umande ukauke kwanza.

Maganda ya korosho. Katika Mtwara na Lindi wako akina mama wabanguao korosho kwa mkono. Mafuta ya ganda lile huunguza ngozi na kuiacha nyeusi, imebabuka. Zamani wengi walijipaka majivu au mafuta mengine ili kujikinga, na njia hizo hupunguza madhara lakini haziyaondoi. Glavu ya nitraili hustahimili mafuta vizuri kuliko mpira wa asili, tena yapasa iwe ya kubana vidole kidogo, ili mbanguaji aishike korosho bila kuivunja.

Saruji mbichi. Wajenzi wengi hawaamini kwamba saruji huunguza, kwa sababu haichomi kama moto. Lakini saruji iliyotiwa maji ina ukali kama wa chokaa. Hula ngozi polepole, na mtu huona maumivu wakati ngozi imekwisha kuharibika. Tumeona mafundi wakivaa glavu za uzi na kuchota zege. Glavu hulowa, na saruji hukaa juu ya ngozi mchana kutwa. Fundi achukue glavu ya mpira, ya nitraili au ya plastiki nzito, naye aangalie saruji isiingie kwa juu.

Moto na kuchomelea chuma. Hapa itakiwayo ni ngozi nene, ndefu hata karibu na kiwiko. Glavu zilizofumwa kwa nyuzi za plastiki ni hatari, kwa kuwa cheche huziyeyusha zikagandamana na ngozi ya mtu. Na glavu ya ngozi iwe kavu. Ikiwa imelowa, joto hupita upesi, na maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuunguza.

Umeme. Glavu za mpira za kuoshea vyombo hazikutengenezwa kwa kazi ya umeme, wala asijidanganye mtu. Ziko glavu maalumu za mafundi umeme, nazo huandikwa daraja lake: daraja 00 ni kwa umeme usiozidi volti 500, daraja 0 usiozidi volti 1,000, na madaraja mengine hupanda juu ya hayo. Asiye fundi azime umeme na kumwita fundi.

Wagonjwa na majeraha. Glavu nyembamba za zahanati ni za kutumiwa mara moja tu. Anayemsaidia mama kujifungua au kufunga jeraha atupe glavu zile, anawe mikono, na kuvaa nyingine kabla ya kumgusa mtu wa pili. Na glavu hizo nyembamba zisipelekwe shambani kwa kazi ya dawa, maana hupasuka upesi na hazifiki mbali juu ya mkono. Tena wako watu ambao miili yao hukataa utomvu wa mpira wa asili: ngozi huwasha, huvimba, na wengine hupata shida ya kupumua. Watu hao wavae za nitraili. Unga uliokuwa ukitiwa ndani ya glavu za hospitali ulizidisha shida hiyo na nyinginezo, na serikali ya Marekani iliupiga marufuku. Amri hiyo ilianza kutumika mwezi wa Januari 2017.

PALE AMBAPO GLAVU NI ADUI

Ziko kazi ambazo glavu ya namna yoyote haifai. Mashine inayozunguka, kama ile ya kutobolea chuma, ya kukerezea mbao, au mkanda wa mashine ya kupukuchulia mahindi, haina huruma. Mkono mtupu ukiguswa waweza kuchubuka na kuponyoka. Mkono wenye glavu hunaswa kwa uzi mmoja tu, na kabla mtu hajapiga kelele mashine imekwisha kuvuta glavu, vidole na mkono pamoja. Kwa hiyo penye mashine izungukayo mtu avue glavu, akunje mikono ya shati, na kuweka kizuizi cha chuma au cha mbao ili mkono usifike. Akitaka kusafisha au kutoa kitu kilichokwama, asimamishe mashine kwanza. Hapo ndipo aweza kuvaa glavu zake.

KIPIMO CHA MKONO

Glavu iwe sawa na mkono. Iliyo kubwa huteleza juu ya mpini na kunaswa. Iliyo ndogo huchosha vidole, na hupasuka baina yake. Chukua uzi au utepe, uzungushe kiganja mahali papana, chini ya vidole, bila kidole gumba. Ukipata karibu na sentimeta 18, glavu yako ni namba 7. Sentimeta 20 ni namba 8. Sentimeta 23 ni namba 9. Sentimeta 25 na kidogo ni namba 10. Mara nyingi wanawake hupewa glavu za wanaume, kisha huambiwa hawataki kujikinga wanapozivua. Kosa si lao, ni la aliyenunua namba moja kwa watu wote.

ALAMA ZILIZOCHAPWA JUU YA GLAVU

Glavu nyingi zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya huwa na picha ndogo na tarakimu. Wengi huziona kama pambo, kumbe ni barua kwa mnunuzi.

Picha ya nyundo, pamoja na maneno EN 388, ni ya hatari za kusugua na kukata. Chini yake huwako tarakimu nne. Ya kwanza ni ustahimilivu wa kusuguliwa, na juu kabisa ni 4. Ya pili ni wa kukatwa, na juu kabisa ni 5. Ya tatu ni wa kuraruka, na juu kabisa ni 4. Ya nne ni wa kudungwa, na juu kabisa ni 4. Kisha huja herufi, kuanzia A hata F, nayo ni kipimo kingine cha kukatwa. F ndiyo kubwa. Herufi X maana yake jambo hilo halikupimwa. Angalieni neno moja: kipimo cha kudungwa hufanywa kwa chuma kinene, wala si kwa sindano. Glavu yenye 4 yaweza kupenywa na sindano ya hospitali au mwiba mwembamba.

Picha ya chupa ya maabara, pamoja na ISO 374-1, ni ya kemikali. Aina A maana yake glavu ilizuia kemikali zisizopungua sita kati ya zile za kupimia, kila moja kwa dakika 30 au zaidi. Aina B ilizuia tatu kwa muda huohuo. Aina C ilizuia moja tu, kwa dakika 10 au zaidi. Herufi zilizo chini ya picha huonyesha ni kemikali zipi. Hapo mwaona kwamba hata glavu njema ina muda wake. Kemikali nyingine hupenya polepole bila kutoboa, kama ilivyokuwa kwa yule profesa.

Lakini alama yaweza kuchapwa na mdanganyifu. Nunueni kwa mwenye duka ajulikanaye, mwombe karatasi ya maelezo, na msinunue glavu zilizotumika, maana hamjui zilishika nini.

KUVAA, KUVUA NA KUTUNZA

Glavu njema ikitumiwa vibaya ni hasara. Yashikeni haya:

1. Kabla ya kuvaa glavu ya mpira, ijaze maji na kuikamua kidogo. Likitoka hata tone moja, glavu hiyo haifai kwa sumu.

2. Unapopulizia mimea mifupi, na mikono yako imeelekea chini, mkono wa shati uje juu ya glavu, ili dawa itiririkayo isiingie ndani. Unapopulizia mti mrefu, na mikono imeelekea juu, glavu ije juu ya shati, na mdomo wake ukunjwe kidogo uwe kama mfereji.

3. Usijifute jasho wala kushika chakula, tumbaku au simu ukiwa umevaa glavu zenye dawa.

4. Ukimaliza kazi, osha glavu kwa sabuni na maji zingali mikononi. Kisha zivute kidogo kidogo, hii na hii kwa zamu, mpaka zitoke bila ngozi kugusa upande wa nje. Baada ya hayo nawa mikono mitupu kwa sabuni.

5. Zianike kivulini, maana jua kali huukausha mpira na kuupasua. Zisikae jikoni wala mahali watoto wanapozifikia.

6. Glavu iliyokwisha, ikate vidole kabla ya kuitupa, ili asiiokote mtoto wala mtu mwingine. Usiitupe mtoni wala kisimani.

JARIBIO KWA WALIMU

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi somo hili kwa vitu vichache, bila sumu yoyote. Atie wino katika bakuli la maji. Amvike mwanafunzi mmoja karatasi nyeupe kidoleni, kisha glavu ya uzi, naye atie kidole majini na kuhesabu hata 10. Karatasi itatoka na rangi. Arudie kwa glavu ya mpira iliyo nzima. Karatasi itatoka nyeupe. Kisha mwalimu aitoboe glavu ile ya mpira kwa ncha ya sindano na kurudia mara ya tatu. Doa litaonekana. Hapo wanafunzi watakuwa wamejifunza mambo mawili: kitambaa si kinga ya maji, na tundu dogo ni mlango mkubwa. La tatu, yaani sumu ipenyayo mpira usio na tundu, wino hauwezi kulionyesha. Hilo mwalimu awaeleze kwa habari ya yule profesa.

NENO KWA WAKUBWA NA WAZEE

Wako watakaosema, "Maneno haya ni mema, lakini glavu hizo ni ghali." Ni kweli kwamba glavu za nitraili nene huzidi bei ya glavu za uzi. Lakini jozi moja ikitunzwa huvaliwa mara nyingi, na chama cha wakulima kikinunua kwa pamoja chaweza kupata bei nafuu kuliko mtu mmoja mmoja. Wazee wa vijiji na viongozi wa vyama waweza kulizungumza jambo hili kabla ya msimu wa dawa, si baada ya watu kuugua. Na mtu afanyaye kazi kwa mshahara ajue kwamba jambo hili ni la sheria. Katika Tanzania iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na katika Kenya iko sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007. Zote mbili zamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikingia katika kazi za hatari. Mwajiri agawaye glavu za uzi kwa wachanganya dawa bado hajatimiza wajibu wake.

Tena yafaa tukumbuke kwamba glavu ni ngao ya mwisho. Kabla yake yako mambo mengine: kuchagua dawa isiyo kali sana, kuchanganya kwa mti mrefu badala ya mkono, kungoja umande ukauke, kuziba mkanda wa mashine. Mtu afanyaye hayo kwanza, kisha akavaa glavu ipasayo, amejikinga mara mbili.

Yule mkulima wa pamba tulionana naye tena msimu uliofuata. Zile glavu nyeupe bado alikuwa na jozi moja mpya, naye alikuwa amezivaa akibeba kuni zenye miiba. Penye ndoo ya dawa palikuwa pamening'inizwa nyingine za kijani, ndefu, zimeoshwa. Tulipomwuliza mbona ana namna mbili, alicheka akasema, "Mabwana, kuni haziniui kama dawa."

Basi kila mmoja wetu atazame mikono yake miwili. Hiyo ndiyo ilimayo, iandikayo, ibebayo watoto na kuwazika wazee. Haiuzwi dukani. Kesho asubuhi, kabla ya kushika kazi, tujiulize lile swali moja: "Najikinga na nini?"